Kioo Kilichokuwa Mbali

Ukweli usemwe mapema: siku ile Mama Kibonge alikuwa na nia njema kabisa. Alifungua mlango wa chumba cha nyuma, harufu ikampiga usoni kama kofi, na mbele yake juu ya meza akaona vikopo kumi na viwili vya bati vimepangwa mstari, kila kimoja kimefunikwa kitambaa na kufungwa uzi shingoni. Akafungua kimoja. Akakifunika upesi.

Mkojo!

"Jamani, watu wengine!" akajisemea. "Wasomi wazima, na choo kiko hapo nje hatua kumi."

Alikuwa na wiki tatu tu katika kazi ile ya usafi, kwenye kituo kidogo cha utafiti nyuma ya chuo: vyumba vinne, ua mmoja, na mbwa sita waliookotwa mitaani. Hakuuliza mtu. Alibeba vikopo vyote kwa awamu mbili, akavimwaga, akavisugua kwa sabuni ya limau mpaka vikang'aa, akafua na vile vitambaa, kisha akavipanga juani kandokando ya ukuta. Akasimama kuvitazama, mikono kiunoni. Roho yake ilitulia kidogo kwa mara ya kwanza tangu jana yake.

Jana yake alikuwa kliniki na mwanawe, msichana wa mwaka mmoja na miezi kumi, mwenye mashavu ambayo hakuna aliyepita bila kuyafinya. Jina la Kibonge lilitokana na mashavu hayo, na mama naye akawa Mama Kibonge mtaa mzima, hata kazini. Muuguzi wa watoto alikuwa na fomu ya maswali. Alimkalisha mtoto kwenye mkeka, akambandika kibandiko chekundu katikati ya paji la uso, akanyoosha mkono kwenye kioo kikubwa kilichofungwa ukutani, hatua tatu kutoka pale.

"Mtoto wa umri huu," alieleza, "akijiona kwenye kioo ana kitu usoni, mkono wake unakwenda usoni, si kwenye kioo. Hapo tunajua ameshaelewa kwamba yule ni yeye."

Kibonge alitazama upande wa kioo kama mtu anavyotazama ukuta. Muuguzi akamwonyesha picha ya paka iliyobandikwa mlangoni. "Paka yuko wapi?" Kimya. Akaenda mpaka mlangoni akampungia mkono. Kibonge akanusa mkono wa blauzi ya mama yake, akaanza kuimba chini chini kitu alichokijua mwenyewe.

Muuguzi akaandika kwa penseli: *Utambuzi umechelewa.* Akasema warudi baada ya wiki mbili. Ikiwa hali itabaki vile vile, ataandika kwa wino, na hapo chekechea ya chuo, ile inayopokea watoto wa wafanyakazi, haitaweza kumchukua Kibonge. Atapelekwa kituo maalumu upande wa pili wa mji.

"Si kosa lako, mama," muuguzi alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma Mama Kibonge kuliko yote.

Kwa hiyo mtu asishangae kwamba kesho yake alivisugua vikopo kwa nguvu namna ile.

Bado alikuwa anavitazama vikikauka mwenye vikopo alipoingia. Kila mtu pale alimwita Daktari wa Mbwa, ingawa hakuwahi kumtibu mbwa hata mmoja; udaktari wake ulikuwa wa mambo ya fikra. Alikuwa mama wa makamo aliyevaa buti za mpira mvua na jua, na akizungumza na mbwa wake alizungumza kwa adabu, kama anayezungumza na wakwe.

"Mama Kibonge, vikopo vyangu viko wapi?"

"Nimeshakuoshea, Daktari!" akajibu kwa tabasamu pana.

Daktari alivitazama vikopo juani. Akakaa kwenye ngazi.

"Vyote?"

"Vyote. Na vifuniko."

"Siku kumi na moja," alisema Daktari polepole, "siku kumi na moja nimewafuata mbwa hawa nyuma nyuma, na kijiko chenye mpini mrefu, nikingoja wainue mguu."

Getini, mlinzi waliyemwita Filimbi alicheka mpaka akashika nguzo. "Mama Kibonge wewe! Umemfulia mtu shahada yake!"

Mama Kibonge alitaka kuomba radhi, lakini kilichotoka ni kilio, na kilio kile kilikuwa kirefu na kizito kuliko vikopo kumi na viwili. Filimbi akaacha kucheka.

"Haya, haya," Daktari alimshika mkono akamkalisha kando yake. "Ni mkojo tu, mama. Tutaupata mwingine, mbwa hawajaishiwa. Sasa niambie unalia nini, maana hiki si kilio cha vikopo."

Akamweleza yote: kibandiko, paka wa mlangoni, penseli na wino. Daktari alisikiliza bila kumkatiza. Hakusema maskini wee, wala hakusema mtoto atapona. Mama Kibonge alimshukuru kimoyomoyo kwa hilo, maana mtaani alikuwa ameshashiba vyote viwili.

Alipomaliza akajifuta uso kwa aproni. "Lakini Daktari, usinielewe vibaya. Kwa nini mtu na elimu yake akusanye mkojo wa mbwa?"

Daktari akacheka, akainuka. "Njoo nikuonyeshe."

Walikwenda chumba cha tatu, chenye kioo kirefu kinachofika sakafuni. Daktari akamwita mbwa mmoja mnene wa kahawia, waliyempa jina la Meneja kwa mwendo wake wa kukagua. Akampaka chokaa kidogo juu ya macho. Meneja akatembea mbele ya kioo, akatupa jicho mara moja, akapiga mwayo, akaenda kulala kwenye pembe.

"Umeona? Kwa miaka mingi watu wamefanya hivi na wanyama wa kila aina. Wachache sana wanaligusa lile doa. Mbwa hata hawajali. Watu wakaandika: mbwa hajijui. Lakini kioo kinauliza nini?"

"Kinauliza... sura?"

"Kinauliza macho. Na mbwa haishi kwenye macho, anaishi puani. Ni kama mtu akugongee dirisha la mbele na wewe uko uani unafua. Anagonga, anagonga, haitikiwi. Halafu anakwenda kusema nyumba ile haina mtu."

Mama Kibonge akamtazama Meneja, ambaye tayari alikuwa anakoroma.

"Basi mimi nikazunguka uani," Daktari aliendelea. "Kikopo kimoja kina mkojo wake mwenyewe. Kingine cha mwenzake. Kingine cha kwake, lakini nimetia tone la kitu kigeni. Cha kwake akikinusa anapita tu, anakijua. Kile kilichotiwa kitu, anasimama, ananusa, anaondoka, anarudi. Kana kwamba anasema: hii ni mimi, lakini mbona leo nina kitu?"

"Kumbe na wao wanajijua!"

"Taratibu. Hilo ndilo ninalolitafuta, bado sijalipata. Hapa tuna sheria yetu: mara moja si kitu. Rudia mara sita, andika kwanza, furahi baadaye."

Mama Kibonge alikuwa anasoma shule ya jioni, darasa la watu wazima, mara tatu kwa wiki baada ya kazi, na huko alikuwa ameshazoea kuuliza bila haya. Akauliza: "Na ilianza lini, Daktari? Mnyama wa kwanza kabisa kujua kwamba yeye ni yeye. Ilikuwa lini?"

"Wewe ulijua kusoma siku gani?"

Akafikiri. Kwanza alizijua herufi kama mtu anavyowajua majirani kwa sura bila kujua majina yao. Kisha akasoma *chumvi* kwenye pakiti, na alijivunia mwezi mzima. Halafu siku moja akiwa njiani, bila kukusudia, akakuta ameshasoma bango zima la duka la rangi, macho yamesoma yenyewe. Lakini ukimwuliza siku ile hasa aliyovuka upande wa pili...

"Sina siku," akasema.

"Basi na hili halina siku. Viumbe vya zamani sana vilijua tu hiki kitamu nikifuate, hiki kinauma nikikimbie. Vizazi vikapita, vizazi visivyohesabika. Mmoja akaweza kukumbuka chakula kilikuwa wapi jana. Mwingine akaweza kukisia mwenzake anataka nini. Hakuna asubuhi ambayo mnyama aliamka akasema, ah, kumbe ni mimi! Na sisi watu hatukuletewa akili mpya kwenye boksi. Tunaishi kwenye nyumba ile ile ya kale, tumeongeza vyumba tu. Jiko bado ni lile lile." Akavua glovu. "Sasa mimi nina swali moja kwako, kisha kila mtu aende kazini kwake. Ukirudi nyumbani, Kibonge anajuaje kwamba ni wewe?"

Mama Kibonge akafungua mdomo ajibu. Mtoto wake wa kumzaa, na hakuwahi kujiuliza.

Swali lile alitembea nalo mpaka nyumbani. Alivua viatu nje, akaingia kwa kunyata, bila kubisha wala kuita. Mama mkwe wake alikuwa anachambua mchele kwenye sinia. Kibonge amekaa chini, uso umeinama mpaka karibu uguse kifuniko cha chupa anachochezea. Mama Kibonge akasimama katikati ya chumba, akapunga mkono, akatabasamu.

Kibonge hakuinua uso.

"Umeingiwa na nini?" aliuliza mama mkwe. "Mbona unasimama kama mgeni?"

Kwa sauti ya bibi, au kwa upepo wa mlangoni, Kibonge akageuza kichwa. Si kutazama. Kunusa. Pua ikapanda kidogo, ikatulia. Halafu akaja mbio, mikono mbele, akamkumbatia magoti, akapandishwa juu, akachomeka pua yake shingoni kwa mama na kuvuta pumzi ndefu ya raha. "Mama."

"Mjukuu wangu ana pua hiyo!" alisema mama mkwe kwa majivuno. "Nikipita na ndizi hata nimeificha kwenye gauni, anajua. Na wewe unakwenda kusikiliza watu wa fomu. Baba yake alisema neno la kwanza ana miaka mitatu. Sasa nani anaweza kumnyamazisha?"

"Mama," alisema Mama Kibonge taratibu, "umewahi kumwona akikujia bila kusikia kitu? Kwa kukuona tu, kutoka mbali?"

Mama mkwe akaacha kuchambua mchele. Akafikiri kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, ambayo ilikuwa kutofikiri hata kidogo kabla ya kujibu.

"Sijawahi," akasema.

Jumapili asubuhi, chumba cha mbele kiligeuka kituo cha utafiti. Baba Kibonge, seremala, alitoa futi yake ya kupimia mbao na kioo kidogo anachonyolea ndevu. Mama mkwe alitoa unga. Mama Kibonge alitoa daftari la shule ya jioni, akafungua ukurasa mpya, akachora mistari.

Walianza na pua. Walitandika blauzi ya mama, gauni la bibi na shati la baba, zote zimekunjwa sawasawa. Kibonge alinusa moja baada ya nyingine, akaikumbatia blauzi ya mama, akailalia. Wakabadilisha nafasi. Akaifuata huko huko. Mara sita.

"Shati langu halitaki hata kuligusa," alilalamika Baba Kibonge.

"Oga," alisema mama yake mzazi.

Kisha wakaja kwenye kioo. Mama Kibonge akampaka mtoto doa la unga kwenye paji la uso. Baba akashika kioo hatua tatu mbali: hakuna. Hatua mbili: hakuna. Hatua moja: Kibonge akaanza kuchezea kidole gumba cha mguu. Urefu wa mkono: aligeuka kidogo, labda kwa mng'ao wa dirisha. Baba akasogeza tena, akasogeza tena, mpaka kati ya pua ya mtoto na kioo pakabaki upana wa kiganja.

Kibonge akatulia. Ni utulivu ambao Mama Kibonge hakuwahi kuuona: mwili mzima uliacha kucheza, kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka mahali asipotarajia. Macho yakazunguka juu ya kioo, yakashuka, yakapanda. Mkono wake mdogo ukainuka. Haukwenda kwenye kioo. Ulikwenda kwenye paji la uso wake, ukapapasa, ukarudi na unga kidoleni.

Baba Kibonge akaruka. "Ameona! Mke wangu, ameona!"

"Kimya!" alisema Mama Kibonge. "Andika kwanza."

"Niandike nini, mikono yenyewe imeshika kioo..."

"Nipe mimi."

Akaandika. Walipotaka kurudia, mama mkwe akawazuia kwa mkono. Yeye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, lakini hakuna aliyewahi kumuuzia samaki wa jana.

"Ngojeni. Tunajuaje kama ameona? Labda amehisi tu kidole chako ulipompaka. Mpake bila unga."

Mama Kibonge alimtazama mkwe wake kwa heshima mpya. Akamgusa mtoto paji la uso kwa kidole kikavu, pale pale, vile vile. Kioo kikaletwa upana wa kiganja. Kibonge alijitazama, akacheka, akakibusu kioo kikaingia ukungu. Mkono hakuinua. Wakapaka unga: mkono ukainuka. Kidole kikavu: busu. Walifanya hivyo siku ile na siku zilizofuata, kidogo kidogo, mtoto akichoka wanaacha, mpaka daftari likawa na mara sita za unga na mara sita za kidole kikavu. Mara moja kati ya zile za unga Kibonge alilala, na Mama Kibonge aliandika hivyo hivyo: *amelala*, akaongeza nyingine.

Alipofunga daftari ndipo alipojiruhusu. Alimchukua mwanawe, akakaa naye sakafuni. Muda wote ule nyumba ilikuwa na mwenyewe ndani, anaimba, anafanya kazi zake, na watu wamesimama kwenye dirisha baya wanatikisa vichwa. Na yeye mama mtu alikuwa karibu kuungana nao! Akafikiri vile alivyokuwa akimwita kupe, kwa jinsi alivyopenda kung'ang'ania mwilini. Kupe gani? Mtoto alikuwa anakaa mahali pekee ambapo mama yake ana uso.

"Ni macho," akamwambia mumewe. "Akili yake ni nzima. Ni macho tu."

Wiki mbili zilipotimia, muuguzi aliwapokea kwa upole ule ule. Alikuwa ameshaanza kumkalisha Kibonge kwenye mkeka Mama Kibonge alipomwekea daftari mezani.

"Dada, naomba usome kurasa mbili hizi kwanza. Ni fupi."

Muuguzi alitazama foleni mlangoni, akatazama daftari. Akasoma. Alirudi nyuma ukurasa mmoja, akasoma tena.

"Hii ya kidole kikavu. Nani amekufundisha?"

"Mama mkwe wangu."

"Na hii ya kurudia?"

"Mbwa," alisema Mama Kibonge, na akaona haya. "Yaani, nafanya usafi mahali wanapowapima mbwa."

Muuguzi akacheka, mara ya kwanza Mama Kibonge kumwona akicheka. "Sawa. Lakini kioo changu kimekazwa na parafujo ukutani, siwezi kukisogeza."

"Basi tumsogeze mtoto."

Lilikuwa jambo dogo mno. Muuguzi mwenyewe akambandika Kibonge kibandiko, akambeba, akamkaribisha kwenye kioo mpaka pumzi yake ikatia ukungu. Mama Kibonge alifumba macho. Alisikia kliniki nzima: viti, kikohozi cha mtu, mtoto mchanga analia kwa sindano. Halafu akasikia muuguzi akisema, "He!"

Akafumbua. Kibonge alikuwa amebandua kibandiko kwenye paji la uso wake, amekishika kwa vidole viwili, anakichunguza kwa karibu. Kisha, kwa utaratibu wa mtu mwenye nafasi, akakibandika kwenye pua ya muuguzi.

Muuguzi hakukitoa. Alikaa na kibandiko chekundu puani, akautazama mkeka, akapima kwa macho ule umbali mpaka ukutani.

"Miaka tisa," alisema kwa sauti ya chini. "Miaka tisa mkeka huu uko hapa hapa. Uliwekwa hapo kwa sababu ya mlango, mlango usiwagonge watoto. Sikuwahi kufikiri."

Akachukua kifutio, akafuta ule mstari wa penseli, akapuliza vumbi la karatasi. Akaandika barua ya kwenda kwa daktari wa macho, na hiyo aliiandika kwa wino. Ya chekechea akaigonga muhuri hapo hapo.

"Asante, dada," alisema Mama Kibonge. "Mungu akubariki."

"Unanishukuru mimi? Mimi niliyetaka kumwandika mtoto wako vibaya?"

"Uliandika kwa penseli," alisema Mama Kibonge. "Na ukatuambia turudi."

Kazini alimpa Daktari habari zote wakiwa wamesimama uani, na Daktari wa Mbwa, mwenye sheria yake ya kufurahi baadaye, alifurahi hapo hapo, akamkumbatia na buti zake zote za matope. Aliomba daftari, akasoma kila mstari, hata pale palipoandikwa *amelala*. Hapo alitikisa kichwa kwa kuridhika kuliko mahali pengine popote. "Wanafunzi wangu wangekificha hiki," alisema.

"Nikulipe nini, Daktari?"

"Nilipe mkojo wangu."

Na alimlipa. Siku kumi na moja, kila asubuhi kabla ya kupiga deki, Mama Kibonge alimfuata Meneja uani na kijiko cha mpini mrefu. Filimbi alikuwa akimpigia saluti getini. "Msaidizi wa utafiti! Kazi nzuri, mheshimiwa! Usimwage!" Naye aliitikia kwa kuinua kijiko juu. Alipomwona Meneja akisimama mbele ya kikopo, ananusa, anaondoka, anarudi, alishikwa na kitu kama huruma na kitu kama udugu. Alifikiri juu ya viumbe wale wote wa kale waliokuwa wakipapasa gizani bila mtu wa kuwaandika, kila mmoja akisogeza fahamu kidogo tu, kidogo tu, mpaka ikamfikia mtoto wake anayeweza kujishika paji la uso. Hakujua amshukuru nani kati yao. Akampapasa Meneja kichwani kwa niaba ya wote.

Miwani aliyoiandika daktari wa macho ilikuwa tayari siku ya Alhamisi. Ilikuwa midogo kama ya kuchezea, vioo vizito, na mkanda laini wa kupita nyuma ya kichwa ili isidondoke. Fundi wa miwani aliivisha taratibu, akarudi nyuma.

Kibonge alifungua macho makubwa. Akamtazama mama yake, aliyekuwa amechuchumaa hatua mbili mbele na mikono imefunguliwa. Uso wa mtoto ukakunjamana. Akaangua kilio cha hofu.

Mama Kibonge alisimama, halafu akaelewa. Huyu hakuwa amewahi kumwona. Mama yake hakuwa na sura ya mbali; sasa mtu mzima mzima, ana miguu, ana mabega, amejitokeza na kumnyooshea mikono. Akamsogelea, akainama, akamwachia shingo. Kibonge akafumba macho, akachomeka pua, akavuta pumzi. Kilio kikakatika. Akabaki hapo muda, akinusa, kwikwi zikipungua. Kisha akajitoa, akafumbua macho, akautazama ule uso kwa umbali wa mkono. Akarudisha pua shingoni. Akatoka, akatazama. Alikwenda na kurudi namna ile mara nyingi, na Mama Kibonge, machozi yakimtiririka, alijikuta anahesabu. Baada ya mara ya sita Kibonge alicheka, akamshika mashavu kwa mikono miwili.

"Mama," akasema, kwa macho safari hii.

Kutoka duka la miwani mpaka kituo cha utafiti kwa kawaida ni mwendo wa dakika kumi. Siku ile walitumia karibu saa nzima, na zamu ya mchana aliyobadilishiwa siku ile ilishaanza, na Mama Kibonge hakuharakisha. Kibonge alikuwa juu ya mkono wake, mgongo wima, kidole kimenyooka. Kilikuwa kidole kipya kabisa. Hakuwahi kunyooshea kitu kisichofikika.

"Nini?"

"Shati, mwanangu. Limeanikwa."

"Nini?"

"Pikipiki. Ile nyingine baiskeli."

"Nini?"

"Yule ni mtu. Anakupungia. Mpungie na wewe."

Akampungia mwenye duka la rangi ng'ambo ya barabara, akampungia mbuzi, akaupungia mlango wa bluu. Kila kitu kilitajwa jina. Majani ya mti yalimshinda. Aliyatazama yakitikisika, moja moja, akasahau kuuliza, mdomo wazi. Walisimama hapo mpaka akatosheka.

Kwenye kona, kidole kikaenda juu sana, kupita nyaya za umeme, mpaka kwenye paa la ghala refu. Huko juu palikuwa na kidude cha bati chenye umbo la kitunguu, kinazunguka polepole na kumetameta juani. Mama Kibonge alipita njia ile kila siku ya Mungu na hakuwahi kukiona.

"Nini?"

Alikitazama kwa makini. Akakitazama tena.

"Hicho sikijui, mama yangu," akasema. "Jina lake silijui, wala kazi yake siijui." Akampandisha vizuri mkononi, akatazama kushoto na kulia, wakavuka barabara kwenda kumwuliza mtu wa ghala.